Kabla ya Kumwacha Mtoto Kituoni: Somo kuhusu Jengo, Walezi na Usalama

Somo hili limeandaliwa kwa wazazi, walezi na wenye vituo vya kulelea watoto wa umri wa chini ya miaka 4. Baada ya kulisoma, mkazi anatarajiwa kuweza kufanya mambo matatu: kukagua kituo kwa macho yake mwenyewe, kuuliza maswali yanayofaa bila kumkosea mwenye kituo heshima, na kujua hatua za kuchukua mtoto anapokuwa hatarini.

Katika mitaa mingi ya Nairobi kazi huanza kabla ya jua kuchomoza. Mama wa Mukuru anayetafuta kibarua katika viwanda vya Eneo la Viwandani hulazimika kuwa langoni alfajiri. Anayeuza mboga huwa tayari amefika Marikiti kununua mali wakati majirani bado wamelala. Ikiwa hana dada wa kazi wala shosho wa kumsaidia, mtoto wake ataachwa kwa jirani, kwa ndugu yake mkubwa, au katika kituo cha kulelea watoto, kile ambacho wengi mtaani hukiita beibikea. Mara nyingi uamuzi hufanywa kwa kuangalia mambo mawili tu: bei kwa siku na umbali kutoka nyumbani. Mambo hayo yana uzito wake, lakini hayamwelezi mzazi kama mtoto atakuwa salama saa sita mchana.

Sheria inasema nini?

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa serikali za kaunti jukumu la elimu ya chekechea na vituo vya kulelea watoto. Haya ni mambo mawili yaliyo karibu, lakini si kitu kimoja. Chekechea, yaani PP1 na PP2, ni ya watoto wa miaka 4 na 5. Mtoto wa miezi minane au wa miaka miwili hayumo darasani humo. Yeye huachwa kituoni, na ndiye asiyeweza kusimulia yaliyompata.

Kaunti ya Jiji la Nairobi ilipitisha Sheria ya Vituo vya Kulelea Watoto mwaka 2017, inayotaka vituo visajiliwe. Kwa nchi nzima, Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inamlinda mtoto popote alipo. Kifungu cha 53 cha Katiba kinasema kuwa kila mtoto ana haki ya kulindwa dhidi ya dhuluma, kutelekezwa na ukatili, na kwamba maslahi ya mtoto ndiyo ya kutangulizwa katika kila jambo linalomhusu. Kwa hiyo mzazi anayeuliza kama kituo kimesajiliwa hafanyi uchokozi. Anauliza jambo ambalo sheria tayari imelijibu.

Hata hivyo, cheti kilichotundikwa ukutani huonyesha hali ya kituo siku kilipokaguliwa. Hali ya leo lazima iangaliwe leo, na pa kuanzia si rangi ya ukuta wala wingi wa vitu vya kuchezea. Pa kuanzia ni walezi.

Hesabu ya mikono miwili

Kila mlezi ana macho mawili na mikono miwili. Moto ukizuka, mtu mzima mmoja anaweza kuwabeba watoto wachanga wawili, mmoja kila mkono. Mtoto wa miaka mitatu anaweza kutembea akishikwa mkono au akiongozwa. Mtoto wa miezi sita hawezi. Basi mzazi na afanye hesabu rahisi: katika kituo hiki kuna watoto wangapi wasioweza kutembea, na wapo watu wazima wangapi wa kuwabeba? Katika nchi nyingi, kipimo kinachotumika kwa watoto wachanga ni mlezi mmoja kwa watoto watatu au wanne.

Hesabu hiyo ina maana hata siku ambayo hakuna moto. Chukua mfano wa mlezi mmoja mwenye watoto wachanga sita. Ikiwa kumlisha mmoja vizuri huchukua dakika 20, kuwalisha wote sita ni saa mbili nzima. Mtoto mchanga huhitaji kula tena baada ya saa tatu hivi. Kwa hiyo inabaki saa moja tu ya kubadilisha nepi sita, kunawa mikono kila mara, kufua, kumbembeleza anayelia na kumwangalia aliyelala. Mlezi huyo hata akiwa na moyo wa dhahabu, lazima kuna kitu kitaachwa. Mara nyingi chupa itaegemezwa kwenye mto ili mtoto anyonye peke yake, jambo ambalo linaweza kumpalia, au mtoto atakaa na nepi iliyolowa hadi ngozi ichubuke.

Mzazi aulize pia kuhusu saa ambazo idadi ya walezi hupungua. Nani hubaki na watoto mlezi anapokwenda chooni, anapopika au anapotumwa dukani? Nani hushika zamu mlezi akiugua? Ikiwa jibu ni kwamba msichana wa darasa la sita huwaangalia kidogo, kituo hicho hakina walezi wa kutosha. Mtoto haachiwi mtoto.

Mlezi ni nani?

Kazi ya kulea watoto wa watu ni kazi ya ujuzi na ya uaminifu. Mwenye kituo anapaswa kuwafahamu watu aliowaajiri na kuweka kumbukumbu zao: nakala ya kitambulisho, anwani, mahali walipofanya kazi hapo awali, na cheti cha maadili mema kinachotolewa na Idara ya Upelelezi wa Jinai. Ombi la cheti hicho hufanywa kupitia eCitizen, kisha mwombaji huchukuliwa alama za vidole. Anayepika awe na cheti cha afya cha wanaoshughulikia chakula, ambacho hutolewa baada ya kupimwa na huhitaji kufanywa upya kila baada ya miezi sita. Wengine wote wanaoishi katika nyumba hiyo, au wanaoingia humo kila siku, wajulikane pia. Mume, kijana wa nyumbani, mgeni na fundi wote ni watu wazima walio karibu na watoto.

Angalau mlezi mmoja aliyepo kituoni wakati wote awe amefunzwa huduma ya kwanza kwa watoto: kumsaidia mtoto aliyekwamwa na kitu kooni, aliyeungua, aliyeanguka au aliyepatwa na degedege. Mambo machache kila mlezi ayajue bila kusubiri mafunzo. Mtoto aliyeungua hupozwa kwa maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha hupelekwa hospitalini. Hapakwi dawa ya meno, mafuta wala unga. Mtoto aliyekunywa mafuta taa hatapishwi. Hukimbizwa hospitalini pamoja na chupa yenyewe ili daktari aione.

Jengo na hatari zake

Vituo vingi viko katika chumba kimoja cha ploti, na chumba kimoja kinaweza kuwa salama kikipangwa vizuri. Mwaka 2008 Wizara ya Elimu ilitoa mwongozo wa viwango vya usalama shuleni, na baadhi ya kanuni zake zinafaa kituo chochote cha watoto: milango ifunguke kuelekea nje, isifungwe kwa kufuli kutoka nje watoto wakiwa ndani, na madirisha yasiwe na vyuma vinavyozuia watu kutoka wakati wa hatari. Mlezi anayefunga mlango kwa kufuli na kwenda dukani amewaacha watoto katika mtego, hata kama nia yake ni kuwazuia wasitoke barabarani. Kinachofaa ni kizuizi kifupi cha mbao mlangoni, ambacho mtu mzima hukifungua kwa mkono mmoja.

Jikoni ndipo penye hatari nyingi. Jiko la makaa lisiwashwe kamwe katika chumba walimo watoto. Mbali na kuunguza, makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, inayoweza kuwaua waliolala katika chumba kilichofungwa. Mtungi wa gesi ukae nje, au mahali penye hewa ambapo mtoto hafiki. Mafuta taa na dawa ya klorini visiwekwe ndani ya chupa za soda au za maji, kwa kuwa mtoto huijua chupa hiyo na atakunywa. Nyaya za stima zilizoning'inia na soketi zilizo wazi zirekebishwe na fundi, si kwa kufungwa nailoni.

Maji nayo ni hatari isiyopiga kelele. Mtoto anayeanza kutambaa ana kichwa kizito kikilinganishwa na ukubwa wa mwili wake. Akichungulia ndani ya ndoo anaweza kutumbukia asiweze kujinasua. Sentimita 5 za maji zinatosha kumzamisha mtoto mdogo. Ndoo na karai zenye maji zifunikwe na kuwekwa juu, na maji ya kufulia yamwagwe mara kazi inapoisha.

Choo, nepi na chakula ni mambo yanayokwenda pamoja. Mahali pa kubadilishia nepi pawe mbali na pa kupikia, na pawe na maji yanayotiririka na sabuni. Pasipo na mfereji, kibuyu chirizi kilichotengenezwa kwa mtungi wa lita tano kinatosha. Mlezi anawe kila baada ya nepi na kila kabla ya kulisha. Kila mtoto awe na poti, kikombe na kijiko chake. Katika kituo chenye watoto kumi, kuhara kwa mtoto mmoja siku ya Jumatatu kunaweza kuwa kuhara kwa watoto watano ifikapo Ijumaa.

Usingizi, maziwa na magonjwa

Mtoto mchanga alazwe chali, juu ya godoro gumu lililo tambarare, bila mto, bila blanketi nzito na bila vitu laini karibu na uso wake. Asilazwe kitandani pamoja na watoto wakubwa wanaoweza kumlalia. Mlezi aweze kuwaona waliolala. Chumba cha usingizi kilichofungwa mlango hakifai.

Mama anayenyonyesha halazimiki kuacha kwa sababu amerudi kazini. Anaweza kukamua maziwa na kuyaacha katika chombo safi chenye kifuniko, kilichoandikwa jina la mtoto na saa yalipokamuliwa. Maziwa hayo hayachemshwi. Chombo huwekwa ndani ya maji yenye vuguvugu, kisha mtoto hunyweshwa kwa kikombe. Yanayobaki kikombeni humwagwa. Kwa upande wa mwajiri, Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka atenge mahali pa kunyonyeshea au kukamulia maziwa, na kumpa mama muda usiozidi jumla ya saa moja katika kila saa nane za kazi kwa ajili hiyo.

Watoto wadogo wasipewe njugu nzima, peremende ngumu wala vipande vikubwa vya nyama. Sarafu, vifungo na betri ndogo za saa na za vitu vya kuchezea ziondolewe sakafuni. Mtoto aliyemeza betri apelekwe hospitalini papo hapo, hata kama anaonekana mzima.

Siku ya kwanza, kituo kiombe kuona kijitabu cha afya ya mama na mtoto ili kujua chanjo alizopata, ikiwemo ya surua inayotolewa katika miezi 9 na miezi 18. Mtoto anayeharisha, mwenye homa kali au vipele vipya abaki nyumbani au atengwe hadi mzazi afike. Anayeharisha apewe ORS huku akiendelea kunyonya na kula, na apelekwe kliniki, ambako atapewa pia zinki.

Hakuna dawa inayotolewa kituoni bila mzazi kuileta mwenyewe na kuandika kiasi na saa. Jambo hili lisichukuliwe kwa wepesi. Dawa za maji za mafua na mzio huleta usingizi, na mlezi aliyezidiwa na watoto anaweza kushawishika kuzitumia ili watulie. Ni hatari kwa mtoto mdogo, na zikizidi zinaweza kumzuia kupumua vizuri. Mtoto anayechukuliwa jioni akiwa mzito wa usingizi kila siku, asiyetaka kula, na anayechangamka siku za Jumapili tu, apelekwe kwa mhudumu wa afya, na kituo kitakiwe maelezo.

Kumpokea na kumkabidhi mtoto

Kituo kiwe na daftari la kila siku. Asubuhi liandikwe jina la mtoto, saa aliyofika, aliyemleta, nambari ya simu inayopatikana, na hali yake: kama ana kidonda, kikohozi au alama yoyote mwilini. Jioni iandikwe saa aliyochukuliwa na jina la aliyemchukua. Daftari hilo humlinda mtoto, na humlinda mlezi mwaminifu pia: alama iliyokuwepo asubuhi haitasemwa kuwa imetokea kituoni.

Mzazi ataje mapema watu wawili au watatu wanaoruhusiwa kumchukua mtoto. Mtu mwingine akija, hata akisema ni mjomba, mlezi apige simu kwanza. Mzazi aliyechelewa asikasirike kwa kuulizwa maswali na mlezi asiyemfahamu ndugu yake.

Kichapo si malezi

Kifungu cha 29 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kutoadhibiwa kwa viboko, na mtoto ni mtu. Mtoto wa mwaka mmoja anayelia anaeleza njaa, uchovu, maumivu au upweke. Kumpiga, kumtikisa au kumfungia chumbani hakumfundishi lolote. Kumtikisa mtoto mchanga kwa nguvu kunaweza kuvujisha damu ndani ya ubongo wake na kumuua.

Kuosha watoto na kuwabadilisha nepi kufanyike mahali ambapo mtu mzima mwingine anaweza kuona. Mzazi azingatie mabadiliko: mtoto kuogopa mtu fulani, kulia sana anapovuliwa nguo, kurudia kukojoa kitandani, au kuwa na maumivu na michubuko sehemu za siri. Akiona dalili za kunajisiwa, asimwogeshe mtoto wala asifue nguo zake. Ampeleke hospitalini upesi, akazibebe nguo hizo ndani ya karatasi, na aripoti polisi. Mambo haya hayamalizwi kwa mazungumzo ya familia wala kwa fidia.

Ziara ya dakika 15

Kabla ya kumwandikisha mtoto, mzazi atembelee kituo mara mbili: mara moja kwa miadi, na mara moja bila taarifa, hasa karibu na saa ya chakula. Anaweza kuanza kwa adabu: "Mama, kabla sijamleta mtoto naomba kuona wanapolala na wanapokula." Kisha aangalie haya:

1. Watoto ni wangapi, walezi ni wangapi, na wangapi kati ya watoto hawawezi kutembea?
2. Je, mlango unafunguka kwa urahisi kutoka ndani, na kuna njia ya pili ya kutokea?
3. Jiko, gesi, maji na dawa za kusafishia ziko wapi?
4. Watoto wachanga wamelazwa vipi?
5. Je, pana maji na sabuni karibu na mahali pa nepi?
6. Je, daftari lipo, na limeandikwa leo?
7. Mtoto anapolia, mlezi hufanya nini?
8. Je, mzazi anaruhusiwa kuingia saa yoyote?

Swali la nane ndilo la kukata shauri. Kituo kinachomzuia mzazi mlangoni, au kinachomtaka apige simu kwanza kila mara, kisipewe mtoto.

Kasoro zinapoonekana

Si kila kasoro inahitaji kituo kufungwa. Kituo kikifungwa ghafla, kazi za wazazi hazisimami. Watoto huhamia mahali pengine pasipojulikana, au hufungiwa nyumbani peke yao. Kwa hiyo kasoro zigawanywe mara mbili.

Zile zinazorekebishika, kama vile ukosefu wa kibuyu chirizi, daftari au kizuizi cha mlango, wazazi wazizungumze na mwenye kituo na wampe muda. Wazazi kumi wakichanga kidogo kidogo wanaweza kununua magodoro au kulipia mafunzo ya huduma ya kwanza. Mhudumu wa afya ya jamii na afisa wa afya ya umma wa wadi wanaweza kualikwa kutoa ushauri. Wazazi nao walipe ada kwa wakati, kwa sababu mlezi asiyelipwa hupokea watoto wengi zaidi ili ajikimu, na hesabu ya mikono miwili huvunjika.

Zile zinazohatarisha maisha au utu wa mtoto hazina muda wa kusubiri: kichapo, kunajisi, kutoa dawa za usingizi, kuwafungia watoto peke yao. Mtoto aondolewe siku hiyo hiyo na taarifa itolewe. Nambari ya simu ya kuwasaidia watoto ni 116; haitozwi malipo na hupokelewa usiku na mchana. Polisi hupatikana kwa 999 au 112. Taarifa inaweza kutolewa pia kwa afisa wa watoto au kwa chifu. Jirani anayesikia watoto wakilia siku nzima nyuma ya mlango uliofungwa ana wajibu uleule wa kupiga simu, hata kama hana mtoto kituoni.

Maswali ya kujadili katika baraza, chama au kikundi cha wazazi

1. Katika mtaa wenu kuna vituo vingapi vya kulelea watoto, na ni vingapi mnavyojua vimesajiliwa?
2. Moto ukizuka saa saba mchana katika kituo alipo mtoto wako, nani atambeba?
3. Ni kasoro ipi moja ambayo wazazi wa kituo chenu wanaweza kuirekebisha pamoja kabla ya mwisho wa mwezi huu?
4. Mwajiri wako ametenga mahali pa mama kukamulia maziwa? Ikiwa bado, nani atalifikisha suala hilo kwake?